Kingo Nyeusi za Baba

Kaka yangu aliwasha taa ya zambarau siku ya kumuaga baba, jeneza likiwa wazi mbele yetu na watu wamejaa ukumbini.

Hapana, siongezi chumvi. Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Ngoja niwaeleze. Hapa Toledo, Ohio, baba yetu Casimir Nowicki alijulikana kwa kadi za besiboli. Zile ndogo zenye picha za wachezaji, ambazo zamani watoto walizikuta ndani ya pakiti za bazoka.

Wazee wa klabu yake ya wakusanyaji waligombania seti, yaani kadi zote za mwaka mmoja, kama watu wanaogombania shamba. Huyu anaililia ya mwaka hamsini na tano, kila mchezaji amechorwa ndani ya fremu ya televisheni ya mbao. Yule anakwambia sabini na tano, kingo za rangi mbili mbili kama pipi.

Baba yeye alikuwa wa sabini na moja tu. Kingo nyeusi tii.

Sasa weusi ule ni mateso. Ukiigusa kadi vibaya rangi inabanduka, karatasi nyeupe inachungulia. Na ikishachubuka, unaiacha hivyo hivyo. Ukikamatwa umeipaka wino kuficha, klabu hukanyagi tena. Baba mwenyewe alishafukuza watu kwa kosa hilo.

Mimi ndiye niliyemuuguza. Nilimwogesha, nilimlisha supu, nilimbadilishia mashuka.

Lakini kadi? Weee!

"Lorraine, mikono hiyo! Kaa mbali!"

Kaka yangu Dennis akija Krismasi, anafunguliwa albamu ya kadi bila hata kunawa. Roho iliniuma, nikameza.

Baba alipokaribia kufa, akanishika mkono.

"Seti ni yako, binti yangu. Ipeleke klabu, wakupe kiti changu."

Nililia jamani. Kiti chake! Mimi, niliyekuwa nawapelekea kahawa na kufukuzwa mezani!

Basi siku ya kumuaga, albamu ikawekwa kando ya jeneza. Mzee Burdette, mwenyekiti wa klabu, akanipa mkono.

"Kiti kinakusubiri, binti."

Dennis akasikia. Uso ukambadilika.

"Si tukague kwanza? Au desturi imekufa na baba?"

Kweli ni desturi. Seti ikipata mwenyewe mpya, inamulikwa kwa taa ile ya zambarau. Weusi wa kiwandani unabaki umefifia. Wino wa kalamu unang'aa zambarau.

Akawasha.

Ukurasa wa kwanza, zambarau. Wa pili, zambarau. Akafunua mpaka katikati, kingo zinang'aa tu. Aliyekuwa anatafuna keki akaacha.

"Lorraine," mzee Burdette akasema taratibu. "Umefanya nini?"

"Sijagusa, mzee wangu! Baba hakuniruhusu hata kuzisogelea!"

"Nani mwingine alikuwa naye mle ndani?" Dennis akadakia. "Huna hata haya! Mzee yuko kitandani hajiwezi, wewe unamharibia vitu vyake!"

Mzee Burdette akavaa kofia yake. "Kile kiti sahau." Akaelekea chumba cha kahawa, wengine wote nyuma yake.

Tukabaki wawili na maiti.

Dennis akageuka na ile taa ikiwa bado inawaka. Mwanga ukapita juu ya koti jeusi la klabu alilovalishwa baba.

Mkono wa kulia wa koti ukang'aa. Madoadoa ya zambarau, na mistari ya mtu aliyezoea kufutia ncha ya kalamu hapo.

Koti lile hakuna mwingine aliyewahi kulivaa.

"Usizime," nikamwambia. "Waite waje waone."

Akazima.

"Dada, sikiliza. Baba ana jina kubwa. Unataka azikwe hivi?"

"Na mimi je?"

"Wewe pale klabu huna jina. Unapoteza nini?"

Akavuta shada la maua, akaufunika ule mkono.

Nikakimbilia chumba cha kahawa, nikawaambia wote. Mzee Burdette akamtazama Dennis aliyekuwa ananifuata.

"Ana uchungu," Dennis akasema. "Mwacheni."

"Njooni mmulike koti!"

"Tummulike marehemu?" mzee Burdette akang'aka. "Una adabu kweli wewe?"

Tulipotoka mle, jeneza lilikuwa limeshafungwa.

Kiti kile anakikalia Dennis. Albamu ninayo mimi, hakuna anayeitaka.

Kilichonimaliza si Dennis. Nilikuja kukielewa nikiwa naosha vyombo, nikakaa chini sakafuni. Baba aliijua ile desturi kuliko mtu yeyote. Alijua seti ikibadilisha mwenyewe itamulikwa, na aibu itamwangukia atakayerithi. Mwanawe kipenzi akamwepusha. Akanipa mimi.

Ndugu zangu, mtu aliyekunyima kitu maisha yake yote, siku akikupa kwa mkono wake mwenyewe, usianze kulia kwa furaha. Mulika kwanza.