Uzito wa Siku ya Arusi

Juzi nilirudi Buyenzi kulitazama gari la bibi, lile la Kifaransa alilotuachia babu. Kabla sijafika uani nikanusa mpira wa tairi unaokatwa kwa kisu. Wewe uliyekulia mitaa ile unaijua harufu hiyo. Mimi ilinirudisha kwenye wiki ya arusi ya mama mdogo, wakati wa vita.

Mchumba wake alikaa mtaa wa Musaga, upande wa pili wa mji, na njia ya huko ilijaa vizuizi vya askari. Gari nalo lilikuwa limezeeka miguu ya mbele: usukani ulicheza, na pua ilivutia kushoto kama mbuzi aliyeona majani. Sisi watoto tulicheka, bibi hakucheka. Gari likiyumba mbele ya kizuizi, mwenye bunduki haulizi kama ni ulevi au uchakavu. Na bibi alikuwa ameapa kwamba bintiye ataondoka kwa gari la babake.

Vipuri havikupatikana mjini. Fundi wa mtaa, mtu wa swala tano na mzaha mwingi, alichonga mipira ya miguu ya mbele kutoka tairi la lori, na viungo vya usukani akavitoa kwenye gari bovu huko Jabe. Sisi tulimpelekea chai ya tangawizi na maandazi, tukamsafishia boliti kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikapauka. Kisha akagoma kukaza boliti za mwisho.

“Bibi, apana kaza gari ikiwa tupu. Kawuchu, hii mpira, inashika uzito wenye iko nayo siku unaikaza. Leta wenye watapanda siku ya arusi.”

Sasa hapo pakawa na kazi. Mama mdogo alikuwa mwali wa ndani, hina mguuni, na mwali hatolewi nje kwa ajili ya boliti. Bibi akatoka kutafuta watu wa uzito wake na wa somo wake, yule wa kumfunda, atakayekaa naye nyuma. Akawashika mwalimu jirani yetu, mwembamba, na muuza makaa wa ng’ambo ya barabara, mnene. Tangu vita viingie wawili hao hawakusalimiana. Kila mmoja alikuwa amezika ndugu, na kila mmoja alimhesabu mwenzake kuwa wa upande ule.

“Mi siwezi kaa na huyu,” mwalimu akasema.

“Vita iko inje,” bibi akamjibu. “Humu ni arusi. Ingia, mwanangu.”

Wakaingia nyuma. Mjomba akashika usukani, bibi akakaa kando yake, mimi mapajani. Fundi akashuka shimoni chini ya gari. Mara muuza makaa akapiga chafya, gari zima likatikisika.

“Bibi arusi, tulia,” fundi akafoka kutoka chini.

Mwalimu ndiye aliyecheka kwanza. Boliti zilipokwisha kukazwa, alikuwa anamwuliza mwenzake kama mtoto wake amepona homa.

Gari lilikwenda Musaga limenyooka, na askari wakatupungia mkono. Niliwapenda watu wale, nawapenda bado. Mwalimu alivuka mpaka wa Gatumba baadaye, hakurudi. Muuza makaa tulimzika, na bibi pia, Mungu awarehemu.

Juzi mtoto wa fundi alikuwa akiitoa mipira ile na kuchonga mipya.

“Dada, ita watu wakae, nikaze,” akaniambia.

Nikatazama mageti ya bati yaliyofungwa, nikaona simjui hata mmoja wa kumgongea. Tukapakia magunia ya mchanga kiti cha nyuma, mawili, yakaegemeana. Nikakaa mbele, mahali pa bibi, nikangoja mtu apige chafya.