Mashine ya Kusugua Sakafu

Ni mimi niliyeiacha ile mashine kwenye karatasi. Kwa miaka mitano nimesema si mimi. Nilisema ofisi ndiyo iliyoiongeza, mara nikasema ni kompyuta, na siku moja nikasema ni utaratibu, neno ambalo sisi wasomi hulitumia tunapotaka watu wanyamaze. Lakini ni mimi. Wala sikupitiwa. Niliiona, nikaisoma, nikaipenda.

Naishi Biharamulo, na pamoja na makala zangu ambazo wasomaji wake wengi ni ndugu, huwa nawaandikia watu nyaraka wasizotaka kuziandika wenyewe. Ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa haina kosa, iliniomba niandae masharti ya zabuni ya usafi wa maegesho ya malori, upande wa Ngara, kwenye barabara iendayo mpakani.

Maegesho yale yalikuwa na wenyewe. Wanawake kumi na mmoja waliyafagia kila alfajiri, kwa makubaliano ya mdomo yaliyodumu miaka mingi. Mkubwa wao alikuwa Shangazi, dada wa baba yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Kazi ile aliijua kama padri anavyoijua misa. Mafuta yaliyovuja aliyamwagia jivu asubuhi na kuyaacha hadi mchana, ndipo yakazolewa kwa koleo, maana ukiyagusa mapema unayatembeza uwanja mzima. Alimtambua dereva kwa chupa alizotupa chini ya lori, na alimwamsha kwa kugonga tairi kwa mpini wa fagio, akimwambia mama yake asingefurahi kuona alichokiacha pale.

Sasa ilitakiwa mkataba wa maandishi, na mkataba ulitaka ushindani. Mwezi ule ninaandika masharti, Shangazi alikuja kunisalimia na gunia la maharage. Aliniuliza kama kuna la kuogopa. Nikamwambia, "Ni karatasi tu, Shangazi. Mtaomba, mtapata." Alipoondoka aliniomba karatasi zilizochapwa upande mmoja, kwa sababu yeye ndiye katibu wa jumuiya yao kanisani na daftari la mahudhurio lilikuwa limekwisha. Nikamfungia bunda zima la rasimu zangu. Nilijisikia mkarimu sana.

Mimi sikuwahi kuandika masharti ya zabuni. Aliyeyaandika alikuwa mtu mwingine kabisa, huko kwenye jiji kubwa, kwa ajili ya maegesho ya ghorofa. Rafiki niliyesoma naye chuo kikuu alinitumia waraka wake, nami nikabadilisha jina la mahali. Niliondoa kupangusa lifti. Niliondoa vioo. Nilipofika kwenye mashine ya umeme ya kusugua sakafu, ambayo mwombaji alitakiwa kuthibitisha kuwa anayo, kalamu ilisita. Uwanja wetu ni changarawe na udongo mwekundu, na mvua ikinyesha ni tope. Lakini sentensi ile ilikuwa na uzito. Ilifanya ukurasa uonekane umeandikwa na mtu anayejua. Nikaiacha.

Tangazo lilipobandikwa, kikundi cha akina Shangazi kilikuwa na kila kitu: cheti cha usajili, akaunti ya benki, namba ya mlipakodi. Kilikosa mashine.

Shangazi na mwenzake mmoja wakaja Biharamulo kuitafuta. Walipitia maduka ya vifaa vya ujenzi, mwenye duka mmoja akawaonyesha mashine ya kukatia majani, mwingine brashi ya kupakia nta. Jioni Shangazi akaja kwangu peke yake. Mimi naye huzungumza Kihangaza, lakini Kihangaza hakina mashine ile, ikabidi tuhamie Kiswahili, kana kwamba tumeingia ofisini.

"Hii mashine ikoje, mwanangu? Ni ya umeme au ya mafuta?"

"Sijui, Shangazi," nikasema. "Ofisi ndiyo iliyoiandika. Ni utaratibu."

Alinitazama kwa muda, kama anavyotazama maharage ya mtu mwingine sokoni. Kisha akasema, "Haya," akakataa chai, akaondoka.

Iliyoshinda ni kampuni kutoka mbali, iliyoambatisha picha ya mashine. Mashine yenyewe haikuja kamwe, na hakuna aliyeiulizia. Vilikuja vizibao vya kung'aa. Waliajiri wanawake wanne kati ya wale kumi na mmoja, wenye umri mdogo. Shangazi aliambiwa apumzike, ameshafanya kazi ya kutosha. Jivu halikumwagwa tena. Mafuta yakatembea uwanja mzima.

Kila nilipokwenda kumsalimia nilimkuta anafagia nyumbani kwake. Alifagia asubuhi, mchana, na kabla ya jua kuzama, uwanja mdogo usio na hata jani, mpaka mizizi ya mparachichi ikatoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Nilimwambia anaharibu mti. Akanijibu kuwa mti haujalalamika. Watu walipoitaja ile zabuni nilikuwa wa kwanza kuwalaani walioiandika, na nililaani kwa ufasaha.

Mwaka huu mkataba wa kampuni uliisha. Nilikwenda ofisini, nikamkuta afisa mpya, binti mdogo. Nikamwomba aitoe mashine kwenye masharti. Nilikuwa nimeandaa hoja za kurasa mbili. Alisoma mstari ule, akaufuta kabla sijafungua bahasha.

Nikatoka nje, nikampigia Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Nyuma ya sauti yake nilisikia fagio.

Nikamwambia, kwa kile Kiswahili chetu cha ofisini, kwamba zabuni inatangazwa upya na mashine haimo, waombe haraka. Akauliza nani ameifuta. Nilikuwa na jibu la zamani tayari mdomoni. Sijui kwa nini siku ile halikutoka.

"Mimi ndiye niliyeomba ifutwe," nikasema. "Na mimi ndiye niliyeiandika."

"Najua."

Akanieleza polepole, kama anayesoma mahudhurio. Katika lile bunda la karatasi nilizompa, nyuma ya majina ya jumuiya, kulikuwa na ukurasa wenye mashine, na pembeni wino mwekundu: *Safi, hii ibaki.* Mwandiko wangu aliujua tangu nikiandika ukutani kwa mkaa. Aliuona kabla hajaja kuniuliza.

"Mbona hukuniambia, Shangazi?"

"Nilikuja nikakuuliza."

Akaendelea. Wenzake walitaka kwenda ofisini kuulizia, siku za waombaji kuuliza maswali zilikuwa hazijaisha, na mtu aliwaambia kwamba wakiuliza, sharti lile litaondolewa. Yeye ndiye aliyewazuia.

"Niliwaambia huyu ni mtoto wangu, amesoma mpaka chuo kikuu. Kama ameandika ibaki, basi ina kazi yake. Tuitafute."

Nilimsihi waombe sasa. Akacheka kidogo. Waombe na nani? Wawili wamezikwa, wanne wana vizibao, waliobaki wamerudi shambani, na yeye goti haliinuki bila ukuta. Kikundi kimekufa, akasema, tusikisumbue.

Fagio likanyamaza. Aliporudi kusema alikuwa amehamia Kihangaza, sauti ya nyumbani, ile aliyoniulizia zamani kama nimeshiba.

"Sasa nieleze. Mashine yenyewe ilikuwa ya nini?"

"Ya kusugua sakafu, Shangazi."

Alifikiri. Hakukuwa na ukali wowote katika sauti yake, alitaka tu kujua.

"Sakafu ipi, mwanangu?"