Nyumba ya Matao Kule Amagoro

Nimezipenda nyumba za Kihispania, zile hasienda, tangu nilipoziona kwenye kalenda ya ofisini: kuta nene nyeupe, matao, vigae vyekundu vya udongo, na ua uliofichwa katikati ya nyumba. Marehemu mke wangu alizoea kunicheka kwamba naota matofali. Sasa naishi peke yangu Eldoret, nikipanga kujijengea moja, na fundi alitaka jibu kuhusu ramani kufikia Jumatatu ili achimbe msingi. Niliposikia iko moja Amagoro, nikafunga safari nikaione kwanza.

Saa nne asubuhi nilishuka Malaba. Malori yalikuwa foleni ndefu kuelekea Uganda, madereva wakinywa chai kivulini wawili wawili. Nikamweleza mwendesha bodaboda nyumba ninayoitaka.

"Ah, kwa ule ukuta? Huko watu hawaendi, boss."

Amagoro, mlango ulifunguliwa na mwenyewe, Mama Akisa, mjane aliyejengewa na mwanawe aliye ng'ambo. Nilipofika uani nilisahau hata kusalimia vizuri. Matao pande zote nne, vigae vimepangwa bila kasoro. Nikapapasa lipu kama mnunuzi wa ng'ombe. Katikati palikuwa na chungu cha ajono, pombe ya wimbi ya wenyeji wa huko, na mirija mirefu sita, yote mikavu.

"Unangoja wageni, mama?"

"Tangu jana. Huku kwetu chungu inakaa nje mbele ya nyumba. Mtu akipita kwa njia anaiona, anaingia, anavuta kiti. Saa hii anaona ukuta tu. Wanasema nimejificha nikunywe peke yangu. Mzee, hiyo ni aibu kubwa."

Akaongeza maji moto, akanipa mrija. Tukanywa wawili, chungu cha watu sita. Nilipoaga saa tisa alinishika mkono muda mrefu, nami sikuwa na haraka ya kuuondoa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na huzuni. Nilielewa kilichonifanya niupende ule ua: nilitaka pahali ambapo jirani hataniona nikila peke yangu.

Jumatatu asubuhi fundi alipiga simu. Nikamwambia matao yabaki, vigae vibaki, lakini ua wa katikati aufute. Badala yake atoe baraza kubwa mbele, ielekee barabara, bila ukuta.

"Baraza kubwa hivyo, mzee? Nani atakuwa anakaa hapo?"

"Mimi," nikasema. "Kwa kuanzia."