Kibuyu Kilichoshonwa kwa Katani

Wenzangu mliokulia huku milimani Uluguru, Mjerumani akiwa bado na boma lake pale Morogoro, mtakuwa mashahidi wangu: hatukuwa na vya kutupa. Mpini ukivunjika ulichongwa mwingine, mkeka ukichanika ulitiwa kiraka, na chungu kilichopasuka kilikaangiwa bisi mpaka kikaisha chenyewe. Sisi watoto tulikalia magome ya mgomba tukateleza mteremkoni hadi mtoni, huku garimoshi likipiga mluzi kule chini upande wa Mikese. Nguo ikipasuka makalioni, hukupewa nyingine, ulipewa sindano. "Tundu umelikalia mwenyewe," Mama alikuwa akisema, "lishone mwenyewe."

Fundi wetu hasa alikuwa Bibi, mama yake Mama. Yeye alishona vibuyu. Kibuyu kikipata ufa, alitoboa vitundu pande zote mbili kwa chuma chembamba kilichopashwa moto, akapitisha uzi, akavuta mpaka ufa ukafumba, kisha akapaka nta ya nyuki. Watu walimletea hata kutoka Mkuyuni. Mimi nilivipenda vilivyoshonwa kuliko vizima, kwa sababu vizima vyote vinafanana, lakini cha Bibi ungekitambua kwa vidole tu, umefumba macho.

Ndipo vikaja vita vya wazungu. Baba akachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, yeye na wanaume wengine wa kijijini. Tukakaa tukingoja, kazi za shamba tukafanya wanawake na watoto. Siku moja mmoja wa wale wenzake akarudi, amekonda, akasema Baba alibaki njiani na homa, hakuna wa kumbeba, na kwa hali aliyomwacha nayo asingeweza kupona. Basi tukalia msiba. Maiti haikuwapo, kwa hiyo wazee wakafunga shuka ya Baba kwenye shina la mgomba, wakazika. Kisha Kibwana, mtani wetu, akafanya kazi ya mtani: akachukua kibuyu alichokuwa Baba akinywea togwa, akakivunja pale kaburini. Mnawajua watani. Alikivunja huku akimsema marehemu kwamba ni bahili, amekwenda kufia mbali ili watani wakose mbuzi. Watu wakacheka na machozi yao. Vipande desturi ni kuviacha palepale, lakini Bibi akavikusanya kwenye upande wa kanga. Nadhani mikono yake haikuweza kuona kitu kimevunjika ikakiacha.

Masika yalipokatika, Baba akatokea.

Mama aliangusha ungo wa maharage. Mimi nilikimbia, maana kuzikwa kwake nilikuona kwa macho yangu. Alikuwa na fimbo, na miguu imebaki mifupa, lakini ni yeye. Alipoambiwa kuwa amekwisha kuliliwa na kibuyu chake kimevunjwa, akakaa barazani, akakataa kuvuka kizingiti.

"Aliyezikwa haingii kulala na walio hai," alisema. "Nitawaletea mkosi."

Mama akimpa maji, alikinga kiganja asiguse chombo chetu. Akasema miguu ikipata nguvu atarudi kwa mama yake, maana kwetu ni mume anayehamia kwa mkewe, naye aliona hapo hana nafasi tena. Niliogopa kuliko siku ya msiba. Ule mgomba niliuzika bila kuelewa, lakini sasa nilielewa: atatuacha akiwa hai, kwa miguu yake mwenyewe, na Mama atamwona akiondoka.

Bibi hakubishana naye. Alituma Kibwana aitwe, akatoa vile vipande.

"Umevunja wewe," alimwambia. "Kaa hapa ushike."

Kibwana akashika, akiungua vidole na kulalamika. Uzi Bibi alioutumia ulikuwa wa katani, kutoka shamba la mzungu kule bondeni. "Mjerumani ndiye aliyemchukua," alisema, "katani yake nayo isaidie kumrudisha." Kipande kimoja cha mdomoni kilikuwa kimepotea, akaziba kwa kipande cha kibuyu kingine, cheusi zaidi. Baba alikuwa akitazama kutoka pembe ya baraza, akijifanya hatazami.

Kilipokauka, Kibwana akakijaza togwa akampelekea.

"Shika, mtani. Hata kufa hujui. Mgomba tuliouzika badala yako umechipua."

Baba akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu achukuliwe. Akanywa, togwa ikavuja kwenye mshono ikamchuruzika kidevuni hadi kifuani, naye akaendelea kunywa, akilia na kucheka pamoja. Alipomaliza akainuka, akaingia ndani. Mama akaenda kuokota maharage yake, kwa kuwa tangu siku ile yalikuwa bado yametapakaa uani na kuku wanayadonoa.

Baba alituzeekea. Alipokufa kweli kitandani kwake, Kibwana aliletwa akiwa ameshikwa mkono, macho yameshaingia ukungu. Wakampa kibuyu akivunje. Akakipapasa, akaupata ule mshono, akapapasa tena.

"Hiki nilikwisha kukivunja," alisema. "Kazi yangu nilimaliza." Akanipa mimi.

Siku hizi kikombe kikipata ufa kinatupwa jalalani, na nasikia ndoa za vijana nazo zinafuata njia hiyohiyo. Siwalaumu, vitu vimekuwa vingi, na sindano hawajawahi kupewa. Mjukuu wangu wa mjini aliniletea kikombe cha plastiki, akasema, "Bibi, kitupe hicho kibuyu, hiki hakivuji." Nimemshukuru, ni mtoto mwema, na kikombe chake nimekifanya cha kuwekea chumvi. Togwa bado nainywea kibuyu cha Baba. Kinavuja palepale, nami nafuta kidevu kama alivyokuwa akifuta yeye.