Shetani wa Filamu Aliyekataa Kutubu

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua kama ile ni kazi. Nilikuwa Malili, miaka ya sabini ikianza, napakia mchanga kwenye lori. Direkta, yaani mkubwa wa filamu, akasimamisha gari akaniangalia vile mchinjaji huangalia ng'ombe. Mimi ni mrefu, nimekonda, macho yameingia ndani, na meno yangu Mungu aliyapanga akiwa na haraka.

"Wewe, unaweza kulala kama maiti?"

"Nani ameshindwa na kulala?"

"Wengi. Wanapumua."

Mchana huohuo nikajifunza. Hewa unaivuta kidogo kwa tumbo, upande ambao kamera haioni. Nzi akitua mdomoni, huyo ni mgeni wako, mwache. Nilimaliza kwa teki moja, maana yake kamera ilizunguka mara moja tu na Direkta akatosheka. Nimesoma darasa la tatu, lakini kutoka Malili hadi Kitui hakuna mtu aliyekufa vizuri kuliko mimi.

Tukahamia vilima vya Mbooni. Huko Fundi wa Uso, mama mmoja mkali, alinipaka majivu na mafuta. Damu aliipika kwa sukari, rangi ya keki na kakao. Usiku tuliupiga mchana: unaweka kioo cheusi mbele ya kamera, jua la saa saba linakuwa mbalamwezi. Direkta wa pili, aliyetupeleka Kitui, aliniambia, "Watazamaji usiwapigie kelele. Waangalie kama unawajua." Hapo ndipo nilipowashinda wote. Kutisha watu kwa kelele hata mbwa anaweza.

Shida ilianza gari la sinema lilipofika Salama, kwetu nyumbani, na filamu ambayo nilifukiwa kaburini, kisha nikatoka nikiwa iimu, pepo la wazee wetu. Babake mchumba wangu Mwikali, mzee wa kanisa, alikuwa anatazama. Mbuzi wa ntheo, wale wa kumchumbia Mwikali kwa desturi yetu, nilikuwa nimeshawapeleka kwake. Arusi ya kanisani tu ndiyo ilibaki. Jumapili wazee wakaniita.

"Mwanake, kijana wangu, tulikuona ukifukiwa," akasema babake Mwikali.

"Ilikuwa filamu, mzee."

"Na mchanga ulikuwa wa filamu?"

"Mchanga ulikuwa mchanga."

"Basi ulifukiwa. Mtu akifukiwa kisha akatoka, aliyetoka ni nani?"

"Mkwe wako."

Hakuna aliyecheka. Wakaamua nisimame mbele ya kanisa, nitubu kwamba nilikopesha pepo mwili wangu, na niache kazi. Nikikataa, hakuna arusi, hakuna Meza ya Bwana, na nikae benchi la nyuma.

Mwikali alinifuata nje. "Uliwakopesha pepo mwili wako?"

"Nilifanya kazi."

"Basi usimdanganye Mungu. Lakini arusi naitaka, na naitaka hapa hapa. Ndoa ya serikali ofisini kwa DC sitaki."

Tukakaa Kikamba, kwa ndoa ya ntheo tu, tukazaa watoto wanne, na kila Jumapili tukakaa benchi la nyuma, wote wawili. Mwikali aliimba kutoka huko mpaka kwaya ikapotea njia. Mimi nikaendelea kufa: nilinyongwa, nikazama, nikaangushwa majabalini Kitui. Sikutubu hata kifo kimoja.

Miaka ya tisini, kamera za video zilipoingia, kanisa likaamua kutengeneza filamu yake ya jehanamu, ya kuita waliopotea. Nafasi ya Shetani wakampa mwalimu wa kwaya. Siku moja babake Mwikali akaja kwangu na mkongojo, pamoja na pasta.

"Baba Mutua," akaniita kwa jina la kifungua mimba wangu, "kanisa lina kazi yako."

"Kazi gani, mzee?"

Akaangalia chini. "Ya Shetani."

"Si mna mwalimu wa kwaya?"

"Anatabasamu."

Nikawaambia malipo yangu ni arusi, ndani ya kanisa, bila kutubu.

"Hata sala fupi ya toba?" pasta akauliza.

"Hata fupi."

"Na gauni jeupe," Mwikali akasema kutoka jikoni.

Mzee akagonga sakafu kwa mkongojo. "Lakini yule aliyetoka kaburini..."

"Ndiye baba wa wajukuu wako."

Walitufungisha arusi. Watoto wetu wakatushikia pete, na Mwikali akatembea polepole makusudi, wote wamwone. Jumatatu nikavaa pembe.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho, maana magoti yalikuwa yamekataa kuanguka. Vijana wanaoigiza leo wakiuliza nilipata tuzo gani, nawaambia ni ile jioni filamu ya kanisa ilipoonyeshwa Salama. Nilijitokeza kwenye pazia la sinema, uso wangu ukalijaa lote, kimya, nikawaangalia kama nawajua. Watu wakakimbilia mbele kuokoka, mhubiri akakosa mahali pa kusimama. Babake Mwikali alikuwa ameketi kando yangu. Nikahisi mkono wake umeshika koti langu kwa nguvu.

"Mwambie aondoke," akaninong'oneza, macho kwenye pazia.

"Tulia, mzee," nikamwambia. "Niko hapa."