Gundi Iliyogoma Kuyeyuka

Saa mbili asubuhi, katika maabara moja mjini Geelong, Leanne Pascoe anainua kichupa usawa wa dirisha na kukunja uso. Kilichomo kina ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele.

Ni gundi mpya ya kupaka mbao za kutelezea kwenye mawimbi. Watengenezaji wanadai haidhuru ngozi. Kazi ya Leanne, mwenye umri wa miaka 52, ni kuhakikisha.

Zamani walijaribu kwa panya. Siku hizi anadondoshea kemikali kwenye seli za ngozi ya binadamu zilizokuzwa maabara. Ikiwa ni ya kuleta mzio, seli hung'aa. Kipimo kingine huangalia kama inanasa protini, dalili nyingine ya mzio. Viwili vikikubaliana, hilo ndilo jibu.

Jana vilikubaliana kwamba gundi ni salama.

"Weka sahihi hapa tukanywe kahawa," anasema mkuu wake, Rohan Mehta.

"Kahawa kanywe wewe. Hebu tazama, gundi imegoma kuyeyuka, imekaa chini. Seli zitang'aa vipi kwa kitu ambacho hazijakigusa?"

"Si wewe uliyekuwa ukiiombea iwe salama?"

"Ndiyo maana nairudia."

Kwa miaka kumi na moja Leanne alipaka gundi mbao kama hizo katika karakana ya kaka yake, Darryl, huko Torquay. Kisha mikono ikavimba, ikapasuka, ikatoa maji. Daktari akamwambia ni mzio wa gundi, tena wa maisha. Akarudi darasani kusomea kazi ya maabara akiwa na miaka 38. Sasa akienda karakanani huishia nje, ndani ya gari, na Darryl humletea chai dirishani.

"Hilo ndilo linaniuma, kuliko hata mikono," anasema Leanne.

Siku tatu baadaye, gundi ikiwa imeyeyushwa kwa kimiminika kingine, vipimo vyote viwili vinageuka. Seli zinang'aa. Leanne anaandika kwamba gundi inaleta mzio, kisha anaweka sahihi.

"Ningeandika salama, kuna mtu angeharibikiwa kama mimi."

Jumamosi, Darryl anaegemea dirisha la gari na vikombe viwili. Ukutani mwa karakana kumetundikwa ubao aliomchongea dada yake miaka kumi na minne iliyopita. Haujapakwa gundi hadi leo; unasubiri ile ambayo haitamdhuru.

"Vipi, ndiyo yenyewe?"

"Siyo yenyewe."

"Aa! Haya, nitaendelea kuupangusa vumbi."

"Jumatatu wanaleta nyingine. Usimpe mtu ubao wangu, Darryl."

"Una jina lako, nimpe nani?"