Samli ya Harusi na Kichupa cha Dukani

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka nacheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nililia. Nilikuwa mchumba, kwetu Bugomora, enzi za mkoloni, na shangazi yangu alikuwa akinitengenezea manukato ya harusi.

Manukato yetu yalikuwa samli. Shangazi aliiosha kwa maji mara nyingi, kisha kila asubuhi akaifukiza kwa moshi wa nyasi na magome aliyoyajua yeye tu. Siku za mwanzo ilinukia moshi mtupu. Wiki ya pili moshi ukapungua, ukaja utamu wa majani makavu.

"Bado," aliniambia. "Hii inamalizikia kwenye ngozi yako. Asubuhi itanukia hivi, jioni itanukia wewe."

Subira yenyewe sikuwa nayo. Rafiki yangu alikuwa ameniletea kutoka dukani Kayanga kichupa cha manukato ya kizungu, kina picha ya mwanamke mwenye kofia. Ukikifungua tu, nyumba nzima inajaa harufu ya maua. Nikaona moshi wa shangazi ni ushamba. Basi asubuhi ya siku ambayo wakwe walikuja kupanga harusi, nikamimina nusu ya kichupa kwenye samli, nikajipaka mikono hadi viwikoni. Kisha kwa mikono hiyo hiyo nikaenda kusugua na kufukiza vibuyu vya maziwa ya wageni. Hapo ndipo nilipoharibu. Maziwa hushika kila harufu, na kwetu sisi wafugaji kibuyu kinachonuka ni aibu ya mwanamke anayekitunza.

Baba mkwe akapewa wa kwanza. Mimi nilikuwa nyuma ya kizuizi cha matete, nachungulia. Akanywa funda moja, akakohoa, akakikodolea macho kibuyu.

"Nani anatunza vyombo hapa?"

Shangazi akainamisha kichwa. "Ni mimi, mzee."

Vibuyu vya shangazi vilisifiwa hadi Kamuli, mwanangu, naye alikuwa tayari kubeba aibu yangu ili nisikose mume. Moyo uliniuma sana. Mchumba haruhusiwi kujitokeza mbele ya wakwe, sembuse kusema. Nilitoka hivyo hivyo, nikapiga magoti.

"Shikamoo baba. Si shangazi. Ni mimi na manukato yangu ya dukani."

Nikajua harusi imekwisha. Mzee akakinusa kibuyu tena, mabega yakaanza kumtikisika.

"Basi nimemnywa bibi harusi kabla mwanangu hajamwoa!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Alipopata pumzi akamgeukia shangazi. "Huyu anasema kweli hata ikimtia hasara. Tunamchukua. Kichupa kibaki kwenu."

Harusi ikasogezwa mbele mwezi mzima, shangazi akaanza samli upya, na safari hii nilifukiza mwenyewe huku akinichamba kutwa.

Mwanangu, manukato jipake, sikukatazi. Ila ninyi wa siku hizi mnajimwagia mpaka mbuzi wanapiga chafya. Paka kidogo, uyape muda yazoeane na ngozi yako, anayekaa karibu nawe ndiye ayajue. Na siku ukiharibu, sema ni wewe kabla mtu anayekupenda hajainamisha kichwa kwa ajili yako. Mungu akupe nyumba isiyokauka maziwa, na wakwe wanaojua kucheka.